Mgongo Ukiuma, Usilale Tu: Fiziotherapia Inavyoweza Kukurudisha Kazini

Mazungumzo ya Afisa wa Habari wa Kaunti katika baraza la wananchi, Kilifi

 

Wenzetu wa idara ya afya wameniomba nizungumze juu ya mgongo. Mimi si daktari. Kazi yangu ni kuwauliza wanaojua na kuwaletea majibu kwa lugha tunayoielewa sote. Lakini ombi hili nililikubali upesi kwa sababu mgongo nimeuugua mwenyewe.

Miaka miwili iliyopita niliinama kutoa sanduku la kamera ndani ya gari, nikashindwa kuinuka. Nikafanya yale ambayo wengi wetu hufanya: nikanunua tembe za maumivu dukani, nikafunga mkanda kiunoni, nikalala. Wiki ya tatu nilikuwa siwezi kuvaa viatu bila kusaidiwa, na tumbo lilikuwa likiniwaka kwa zile tembe. Nilipofika kwa mtaalamu wa fiziotherapia alinipima, kisha akaniambia niache kulala. Nilidhani ananitania. Baada ya wiki sita za mazoezi nilikuwa kazini, nikibeba sanduku lile lile.

Maumivu kama yangu huitwa maumivu ya mgongo ya kimakanika. Maana yake ni kwamba yanatokana na jinsi viungo, misuli, kano na gegedu zilizo kati ya pingili zinavyofanya kazi. Hayatokani na uvimbe wala ugonjwa wa kuambukiza. Utayatambua kwa sababu hubadilika: ukiinama yanazidi, ukigeuka upande yanapungua, ukikaa sana yanarudi. Mara nyingi huja baada ya kubeba mzigo vibaya, au baada ya kukaa au kuinama muda mrefu kila siku.

Tatizo hili si letu peke yetu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 619 waliishi na maumivu ya kiuno mwaka 2020. Lakini hapa kwetu tunajua linavyoingia nyumbani. Kijana anayekata mawe kwenye timbo hulipwa kwa alichokata. Mwendeshaji boda boda asiyetoka hana cha kupeleka jioni. Mama anayechota maji mbali hana mtu wa kumchotea. Mgongo wa mtu mmoja ukikwama, sufuria ya watu sita inakwama nao.

Sasa, kwa nini tusilale? Ukiumwa sana, kupumzika siku moja au mbili hakuna ubaya. Lakini ukilala wiki nzima, misuli inayoshikilia uti wa mgongo inalegea, viungo vinakakamaa, na woga wa kusogea unaongezeka. Ukiinuka, mgongo ni dhaifu kuliko ulivyokuwa. Watu wengi wenye maumivu mapya hupata nafuu ndani ya wiki chache wakiendelea na shughuli zao kwa kiasi.

Mikanda nayo? Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu maumivu ya kiuno ya muda mrefu. Mwongozo huo unapendekeza elimu na mazoezi, na haupendekezi mikanda ya kiuno kuwa tiba ya kawaida, wala kuvutwa kiuno. Na tembe kama diklofenaki, ukizimeza kiholela kwa muda mrefu, zinaweza kukuletea vidonda vya tumbo na kuharibu figo. Zitumie kwa ushauri wa mhudumu wa afya.

Wengine huuliza, "Mbona sijapigwa picha?" Maumivu mengi ya aina hii hayahitaji eksirei. Picha ya mtu mzima mara nyingi huonyesha pingili zilizochakaa kwa umri, hata kwa mtu asiyeumwa popote. Unaweza kuogopeshwa na picha ambayo haihusiani na maumivu yako.

Mtaalamu wa fiziotherapia hufanya nini basi? Kwanza anakuuliza maumivu yalianzaje, unafanya kazi gani na unalalaje. Anakutazama ukiinama, ukitembea, na anapima nguvu na hisia za miguu. Anaweza kukukanda au kukusogeza viungo ili upate nafuu. Kukandwa kunasaidia, lakini peke yake hakutoshi. Dawa kubwa ni mazoezi anayokuchagulia, utakayoyafanya nyumbani. Ukienda kliniki mara tatu na nyumbani hufanyi kitu, umepoteza nauli.

Haya ni mazoezi mepesi ambayo wengi huanza nayo. Yanahitaji mkeka tu.

Kwanza, tembea dakika 10, mara mbili au tatu kwa siku, ukiongeza kidogo kidogo.

Pili, lala chali, kunja magoti, nyayo ziwe chini. Vuta goti moja kuelekea kifuani polepole, hesabu hadi 10, kisha badilisha mguu.

Tatu, ukiwa umelala hivyo hivyo, bana makalio uinue kiuno. Hesabu hadi 5, shusha. Rudia mara 10.

Nne, piga magoti na kuweka mikono chini kama mtoto anayetambaa. Nyosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto, tulia kidogo, kisha badilisha.

Kuhisi maumivu madogo si hatari. Lakini maumivu yakizidi na kukaa, au yakianza kushuka mguuni, acha zoezi hilo na umwulize mtaalamu. Si kila zoezi linamfaa kila mtu. Mama mjamzito na aliyewahi kuvunjika mfupa waulize kabla ya kuanza.

Kazini nako tubadilike kidogo. Maji ya mtungi wa lita 20 peke yake yana uzito wa kama kilo 20. Ukiweza, beba mitungi miwili ya lita 10, mkono huu na huu. Ukiinua mzigo, usogelee, kunja magoti, uweke karibu na mwili, na usijipinde ukiwa umeubeba. Mwenye boda boda, ukisubiri abiria shuka ujinyooshe. Sisi wa ofisini tusimame angalau kila baada ya nusu saa.

Ndugu zangu, hapa nawaomba mnisikilize vizuri. Kuna maumivu ya mgongo ambayo si ya mkeka, ni ya kukimbilia hospitali. Nenda siku hiyo hiyo ukishindwa kukojoa, au ukishindwa kuzuia mkojo au choo, ukifa ganzi sehemu unazokalia, au miguu ikikosa nguvu. Aliyeanguka kutoka kwenye mnazi au pikipiki asiinuliwe ovyo. Alazwe juu ya ubao, asipindwe, afikishwe hospitali. Na ukiwa na homa, jasho la usiku, unakonda bila sababu, au maumivu hayapungui hata ukilala, nenda ukapimwe. Kifua kikuu huingia hata kwenye uti wa mgongo, na kinatibika kikigunduliwa mapema.

Tiba inaanzia wapi? Anza zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe, uchunguzwe na uandikiwe rufaa. Huduma ya fiziotherapia ipo katika hospitali zetu kubwa, kama vile Kilifi na Malindi. Kama hujajisajili na SHA, piga *147#, na ukifika hospitali uliza ni huduma gani zinalipiwa. Ukienda kliniki ya binafsi, usione haya kuomba kuona leseni. Sheria ya mwaka 2014 inataka kila mtaalamu wa fiziotherapia asajiliwe na baraza la taaluma hiyo.

Nanyi wahudumu wa afya ya jamii, mkipita nyumbani na kuambiwa, "Baba yuko ndani, mgongo," msiishie mlangoni. Ulizeni amelala siku ngapi, ana dalili za hatari au hana. Kama hana, msaidieni ainuke atembee hata hadi kwa jirani, na aende akapimwe. Mimi nililala wiki tatu kwa kukosa mtu wa kuniambia hivyo.

Kabla hatujaketi kwa maswali, sote tusimame, tujinyooshe.