Mlaji, Merikani na Mtumba: Maneno ya Nguo na Gharama ya Uchaguzi



Mada ya mhadhara huu ni uchaguzi wa mnunuzi na athari zake kwa jamii. Huenda baadhi yenu mkajiuliza mwanaisimu anatafuta nini sokoni, mahali pa wachumi. Jibu langu ni kwamba wanunuzi huvipa majina vile wanavyovichagua, na majina hayo hubaki katika lugha hata baada ya bidhaa zenyewe kutoweka. Nitajifunga katika bidhaa moja, yaani nguo, kwa sababu msamiati wake katika Kiswahili ni mkongwe na mpana. Hoja yangu ni kwamba maneno yetu ya nguo yanathibitisha kuwa mnunuzi wa Afrika Mashariki amekuwa akichagua kwa akili na kwa sababu. Lakini maneno hayo hayo huficha gharama inayolipwa na mtu asiyekuwapo sokoni.

Tuanze na jina la mhusika mwenyewe. Wachumi na watunga sheria humwita mlaji. Wengine hupendelea mtumiaji. Maneno haya mawili hayalingani. Mlaji limetokana na kitenzi -la, na kinacholiwa hwisha. Ndiyo maana tunasema gari linakula mafuta, lakini hatusemi fundi anakula nyundo yake. Kitenzi -tumia hakina dokezo hilo la kumaliza. Je, anayenunua shati analila au analitumia? Swali hili si la mzaha, na nitalirudia.

Katika karne ya 19, nguo iliyotawala biashara kutoka Unguja hadi bara ilikuwa merikani. Mwaka 1833 Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 balozi mdogo wa kwanza wa nchi hiyo alifika Unguja. Wafanyabiashara wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, walileta kitambaa cha pamba kisichopaushwa, kizito na cha kudumu, wakarudi na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Wanunuzi wa pwani na bara walikipenda, wakakipa jina la nchi kilikotoka. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 hadi 1865, vilipokatiza ugavi wake, nafasi ikachukuliwa na vitambaa vya Uingereza na baadaye vya Bombay. Ajabu ni kwamba jina halikuondoka. Merikani ikafumwa Bombay na bado ikaitwa merikani. Kiisimu, jina la mahali lilikuwa limegeuka jina la ubora: mnunuzi alikuwa ameweka kigezo chake, na kiwanda, popote kilipo, kilipaswa kukifikia.

Misafara ya bara inatoa ushahidi zaidi. Mwarabu, Mswahili au Mzungu aliyeondoka Bagamoyo bila kujua watu wa njiani wanataka shanga za rangi gani alijitafutia hasara, kwani shanga zisizopendwa mahali fulani zilikataliwa hata kama ni nzuri machoni pa mwenye mali. Kwa hiyo ladha ya mnunuzi wa Unyamwezi iliweza kuwafikia mafundi wa shanga wa Venice. Vipimo vya biashara hiyo tunavyo hadi leo: shuka, doti na jora. Kila mwanamke anayenunua doti ya kanga anatumia hesabu ya misafara.

Kanga nayo inatufundisha kuwa bei si kigezo pekee. Vazi hili lilishamiri pwani mwishoni mwa karne ya 19, na duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lililoanza mwaka 1887, limehusishwa nalo kwa muda mrefu. Kanga ina pindo, mji na jina. Mnunuzi hutazama rangi na hupapasa kitambaa, lakini mara nyingi jina ndilo huamua, kwa sababu jina litasema kwa jirani, kwa mume au kwa wifi lile ambalo mdomo hauwezi kulisema bila kuvunja heshima. Hapa ununuzi ni tendo la lugha.

Sasa tuje kwenye neno mtumba. Vijana wengi hudhani ni neno jipya. La hasha. Mtumba ulikuwa mzigo wa nguo uliofungwa kwa ajili ya mpagazi wa msafara. Merikani yenyewe ilisafiri kwa mitumba. Leo neno hilo limehama kutoka kwenye kifurushi hadi kwenye nguo iliyokwisha kuvaliwa, kisha likawa kivumishi cha kitu chochote kilichotumika: gari la mtumba, simu ya mtumba. Nchini Tanzania, ambako biashara hii haikuruhusiwa waziwazi hadi milango ya uchumi ilipoanza kufunguliwa katikati ya miaka ya 1980, watu waliziita pia nguo hizo kafa Ulaya. Jina hilo lilimtaja mtu: lilimkumbusha mnunuzi kwamba kulikuwa na mvaaji wa kwanza. Mtumba linataja furushi tu, na mvaaji amefutika.

Je, mnunuzi wa mtumba anakosea? Sidhani. Kitenzi kinachotawala mazungumzo yetu ya nguo ni -sitiri. Mzazi mwenye watoto wanne na kipato kidogo anatafuta stara kwanza, na mara nyingi shati la mtumba hudumu kuliko shati jipya la bei ileile. Waliosema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza walikuwa wakieleza busara hii.

Hata hivyo, tutazame neno rahisi. Asili yake ni Kiarabu, lenye maana ya bei ndogo. Kiswahili kimeliongezea maana ya wepesi, kana kwamba kisicho na bei kubwa hakina uzito kwa mtu yeyote. Uzito upo. Katika soko la Gikomba, Nairobi, nguo bora zinazochaguliwa mwanzo huitwa kamera, na mabaki ya mwisho huitwa fagia. Neno fagia ni amri ya kitenzi iliyogeuka nomino, nalo linasema wazi zinakokwenda: jalalani na kandokando ya Mto Nairobi, ambako poliesta haiozi. Hilo ndilo jibu la swali letu la mwanzo. Mlaji ni jina lisilo la kweli, kwani nguo hailiki ikaisha.

Gharama nyingine ni ya kazi. Kiwanda cha Urafiki, Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, na vingine vingi vya Kenya na Tanzania vilidhoofika. Si haki kuubebesha mtumba lawama yote: mitambo ilichakaa, umeme ulikuwa ghali, na nguo mpya za bei ndogo kutoka Asia ziliingia pia. Lakini mtumba ulikuwa sehemu ya mzigo huo.

Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuondoa nguo hizo hatua kwa hatua. Wafanyabiashara wa Marekani walilalamika rasmi mwaka 2017. Kenya, kisha Tanzania na Uganda, zikarudi nyuma. Rwanda, iliyokuwa imepandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo, ilishikilia msimamo, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu ya kuuza mavazi Marekani bila ushuru. Katika mjadala ule, viongozi walizungumzia heshima ya taifa. Wanunuzi walizungumzia stara ya nyumba. Pande zote mbili zilikuwa zikitetea utu, lakini kwa maneno mawili yasiyokutana.

Hapa ndipo penye kazi yetu. Wanafunzi wa isimu, nendeni Mchikichini na Gikomba mkasanye msamiati huu kabla haujabadilika, na mwapelekee watunga sera. Sera itakayompuuza mnunuzi na sababu zake itashindwa, kama alivyoshindwa mwenye msafara aliyebeba shanga zisizotakiwa. Nasi wanunuzi tunahitaji neno la kumtaja yule anayelipa sehemu ya bei ambayo muuzaji hakututajia. Kwa sasa neno hilo hatunalo.