Usukani Baada ya Jeraha la Ubongo
Wasikilizaji, mtu aliyejeruhiwa ubongo, hata kama miguu yake imerudiwa na nguvu na ulimi wake umerejea ufasaha, huenda asitambue kilicho upande wake wa kushoto, ijapokuwa macho yenyewe ni mazima. Akishika usukani, mpanda baiskeli apitaye kando yake huwa kama hayupo. Ndiyo sababu sheria ya Uingereza humlazimu kuiarifu idara ya leseni, na akificha aweza kutozwa faini ifikayo pauni 1,000. Kwa rai yangu sheria hiyo ni ya insafu, lakini akizuiwa kuendesha, gari lililofunikwa turubai uani ni huzuni kubwa kwa mwenyewe. Basi, enyi jamaa zake, msimpokonye funguo kwa ukali. Mpelekeni kwa tabibu apimwe, kisha, akiruhusiwa, ajifunze upya kwa mwalimu, taratibu.