Sahihi ya Kwanza na Sahihi ya Pili
(Mazungumzo na wafanyabiashara wadogo)

Tumeombwa tuseme juu ya madeni ya biashara. Tutaanza na jambo ambalo limeleta wengi ofisini kwetu wakiwa na machozi.

Tuchukue mfano. Watu watatu wanaandikisha kampuni ya kuuza chakula cha mifugo. Wanaambiwa kampuni ni mtu mbele ya sheria, deni lake si deni lao. Hiyo ni kweli. Lakini wakienda benki kukopa, kila mmoja anapewa karatasi nyingine atie sahihi. Hiyo ni karatasi ya udhamini. Sahihi ya kwanza ulitia kama mkurugenzi, kwa niaba ya kampuni. Ya pili umetia wewe mwenyewe, pamoja na ng'ombe wako na shamba lako. Kampuni ikianguka, hiyo ya pili inabaki.

Mara nyingi karatasi husema wadhamini wamefungwa wote pamoja na kila mmoja peke yake. Maana yake, benki yaweza kumdai mmoja deni lote, na huwa ni yule mwenye mali. Akilipa, ana haki ya kuwadai wenzake sehemu zao. Hapo ndipo urafiki huvunjika. Mama mmoja alituuliza, "Mimi nilitoka kwa hiyo kampuni kitambo, mbona wananifuata?" Pole mama. Kujiuzulu ukurugenzi hakufuti udhamini. Ni lazima benki ikuachilie kwa maandishi.

Sasa, deni likishakuwa ugomvi tufanye nini?

Kwanza, tusijifiche. Barua ifunguliwe siku ile inafika. Kama shamba limewekwa rehani, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inataka upewe notisi ya muda usiopungua miezi 3 ili ulipe, kisha notisi nyingine ya siku 40 kabla shamba kuuzwa. Siku hizo si za kulala, ni za kuzungumza.

Pili, tuombe hesabu yote kwa maandishi: mkopo, riba na gharama. Tangu mwaka 2007, Sheria ya Benki hairuhusu riba ya mkopo uliokwama ipite kiasi cha mkopo kilichokuwa kimebaki siku ulipokwama. Mpelekee wakili au mhasibu aikague.

Tatu, wakurugenzi wakae pamoja kwanza, wagawane mzigo, ndipo waende benki na ahadi moja wanayoweza kuitimiza. Msiahidi 50,000 kwa mwezi kama duka linaleta 20,000. Mkishindwa kuelewana, kuna upatanishi. Katiba ya 2010 inautambua katika kifungu cha 159, na tangu 2016 mahakama zimekuwa na mpango wa kupeleka kesi kwa wapatanishi.

Nne, mapatano yaandikwe, na yaseme wazi kwamba pesa hizo zikilipwa, kampuni na wadhamini wote wameachiliwa. Mdhamini asiyetajwa anaweza kushtuka akidaiwa tena.

Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Lakini hata matangani, si watu hukaa pamoja? Tukae pamoja mapema, kabla dalali hajafika. Na ukipewa ile karatasi ya pili, usione haya kuuliza: hapa natia sahihi kama nani?