Minyororo ya Walimu Wetu

(Hotuba iliyotolewa Babati mbele ya washarika na walimu)



Katika jubilii ni desturi kuwashukuru waliotuletea Injili. Leo nataka tuwakumbuke pia waliofungwa kwa ajili yake, na hasa wale ambao majina yao hatuyataji.

Vita vilipoanza mwaka 1914, nchi hii ilitawaliwa na Wadachi. Wamisionari Waingereza wa UMCA kule Magila na Masasi, na wa CMS kule Ugogo na Ukaguru, walihesabiwa kuwa adui, wakatiwa kifungoni. Miongoni mwao alikuwamo Padre Ernest Spanton, mkuu wa chuo cha Kiungani, Unguja. Hatimaye wengi wao walikusanywa Tabora.

Lakini walimu Waafrika walitendwa vibaya kuliko hao. Walishtakiwa kuwa ni wapelelezi. Wakapigwa viboko, wakafungwa minyororo shingoni, wakatumikishwa kazi ngumu. Wengine walifia humo. Padre alifungwa kwa sababu ya taifa lake. Mwalimu hakuwa Mwingereza. Alikuwa mtu wa nchi hii, ajuaye kuandika barua, tena aaminiwaye na watu. Serikali itawalayo kwa hofu humwogopa mtu wa namna hiyo.

Aprili 1916 majeshi ya Jenerali van Deventer yalipita huku kwetu Ufiome yakienda Kondoa. Septemba 19 mwaka huo Wabelgiji waliingia Tabora, nao wafungwa wakafunguliwa.

Wala tusiwalaumu Wadachi peke yao. Mwaka 1920 Waingereza waliwaondoa wamisionari wa Leipzig katika nchi ya Wachagga. Na vita vya pili vilipokuja, wamisionari Wadachi walifungwa tena. Kila mara makanisa yaliachwa mikononi mwa walimu na wazee, wala hayakufa. Kumbe aliyefungwa ni mchungaji; neno halikufungwa.

Basi, ninyi walimu, nawasihi jambo moja. Nendeni kwa wajukuu wa walimu wale wa kwanza, waulizeni habari za babu zao, mkaandike majina katika kitabu cha kanisa kabla hayajasahauliwa. Nanyi washarika, mnapowaombea wanaofungwa leo katika nchi nyingine kwa ajili ya imani, msimwombee mgeni tu aliyetoka mbali. Mwombeeni na mwenyeji aliyefungwa pamoja naye, ambaye hana balozi wa kumtetea.