Nyavu, Sheria na Haki ya Mvuvi Mdogo

Hotuba iliyotolewa mbele ya wanaharakati na waumini wa Pwani



Mada tuliyopewa inahusu mipaka iliyowekwa na sheria juu ya matumizi ya nyavu katika maji ya mwambao wetu. Huenda mtu akauliza: nyavu na mageuzi zina uhusiano gani? Sisi tuliozoea kunena habari za Katiba, uchaguzi na vyama vingi, tumefikaje kwenye juya na jarife? Jawabu letu ni kwamba mwananchi wa kawaida hakutani na Serikali katika vitabu vya sheria. Mkulima hukutana nayo shambani, mchuuzi hukutana nayo barabarani, na mvuvi hukutana nayo ufuoni alfajiri, wavu ukiwa begani na afisa akiwa mbele yake. Hapo ndipo ijulikanapo kama mageuzi yamefika au yangali njiani.

Tuanze kwa kukiri lililo kweli, maana anayedai haki hana budi kusema kweli hata inapomuuma. Ziko nyavu zinazoiharibu bahari. Juya la kukokota, lile livutwalo na kundi la watu kutoka majini hadi mchangani, hupita juu ya nyasi za bahari na kuzing'oa. Katika nyasi hizo ndimo tafi, pono na changu hukulia wakiwa wachanga. Matundu ya juya ni madogo, hata samaki wa kidole kimoja hapenyi. Watafiti waliopima mavuno ya fuo za Kenya wamekuta kwamba sehemu kubwa ya samaki wa juya ni wale ambao hawajapata kuzaa hata mara moja. Nyavu za uzi mmoja wa nailoni nazo ni rahisi kununua na hazionekani majini, lakini zikikatika huendelea kunasa na kuua bila mwenyewe kufaidi chochote. Kuzitetea nyavu hizi kwa kisingizio cha umaskini ni kumtetea mtu anayekula mbegu aliyowekewa na wanawe. Kwa hiyo hatukuja hapa kudai kwamba bahari isiwe na sheria.

Swali letu ni jingine. Sheria hizo zimetungwa na nani? Zinamkata nani? Na huyo aliyekatazwa wavu wake ameonyeshwa njia gani ya kuwalisha watoto wake?

Tutazame zilikotoka. Sheria ya Uvuvi, Sura ya 378, ilipitishwa mwaka 1989, na kanuni zake zikafuata mwaka 1991. Bunge lililoipitisha lilitokana na uchaguzi wa mwaka 1988, ambao wagombea wake waliteuliwa kwa kura ya mlolongo. Chama kilikuwa kimoja, kwa nguvu ya kifungu cha 2A kilichoingizwa katika Katiba mwaka 1982 na kufutwa Desemba 1991. Sheria hiyo iliwapa wakuu wa idara na wizara uwezo wa kutangaza, kwa notisi ya Gazeti la Serikali, ni chombo gani kitumike, wapi, na katika majira gani. Mwaka 2001 juya la kukokota lilipigwa marufuku kwa notisi ya namna hiyo. Gazeti hilo huandikwa kwa Kiingereza, nalo halifiki Vanga wala Kiunga. Mvuvi aliyezaliwa akimwona babu yake akivuta juya aliamka siku moja akaambiwa kwamba yeye ni mhalifu, na alipouliza tangu lini, akajibiwa kwamba kutojua sheria si kinga.

Wako watakaosema kwamba mambo hayo ni ya enzi iliyopita. Ni kweli kwamba Katiba mpya ilizinduliwa tarehe 27 Agosti 2010, na kwamba Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016 iliiondoa ile ya 1989. Ni kweli pia kwamba kanuni za mwaka 2007 zilianzisha vikundi vya kusimamia fuo, ambavyo wavuvi huviita BMU. Hizi ni hatua, nasi hatuzidharau, kwa kuwa tunajua gharama iliyolipwa kuzipata. Lakini sheria mpya ikitekelezwa kwa desturi ya zamani huwa kama tanga jipya juu ya mlingoti uliooza.

Wahenga walisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Msumeno wa baharini, wenzetu, umekata upande mmoja mno. Kanuni za 1991 ziliagiza kwamba meli zinazokokota nyavu za kamba zisikaribie pwani chini ya maili 5 za baharini. Wavuvi wa Ghuba ya Ungwana, kuanzia Ngomeni hadi Kipini, walilalamika kwa miaka mingi kwamba meli hizo zilivuka mpaka, zikawararulia nyavu zao, na kuwatupa baharini, wakiwa wamekufa, samaki wadogo zisiowahitaji. Mwaka 2006 uvuvi huo wa meli ulisimamishwa. Ulipotungwa mpango wa kusimamia uvuvi wa kamba mwaka 2010, meli zilifungiwa majira ya Novemba hadi Machi, jambo ambalo ni jema. Lakini mpaka wenyewe ulisogezwa kutoka maili 5 hadi maili 3. Basi mwenye mtumbwi aliambiwa atoke nje zaidi kwa ajili ya uhifadhi, na mwenye meli akaruhusiwa kuingia ndani zaidi. Sisi si wataalamu wa kamba. Hata hivyo, twaweza kutambua mizani iliyoinama.

Tena tuangalie ni nani hasa anayekatwa hata miongoni mwa wavuvi wenyewe. Juya halimilikiwi na vijana wanaolivuta. Mara nyingi mwenye juya ni tajiri mwenye mtaji, naye huchukua fungu lake la mavuno bila kulowesha kanzu wala suruali. Wavutaji ni vijana wasio na ardhi, wasio na chombo, wanaogawana kilichobaki. Siku ya msako, wanaokamatwa ni wale waliolowa. Juya likichomwa, tajiri hununua jingine, na kijana hubaki na faini. Sheria inayomwadhibu mwenye kuvuta na kumwacha mwenye kununua, mwenye kuuza na mwenye kuingiza nyavu hizo nchini, haiwezi kuilinda bahari hata ikiendesha misako mia moja.

Liko na suala la majira. Wakati wa kusi bahari ya nje huchafuka, na mwenye mtumbwi au ngalawa hana budi kubaki ndani ya mwamba. Huko ndani ndiko kwenye makatazo mengi, na kwa sehemu kubwa makatazo hayo yana sababu, kwa maana ndani ya mwamba ndimo mlimo na mazalio. Lakini kumwambia mtu asivue ndani kwa chombo alicho nacho, na kutompa uwezo wa kuvua nje kwa chombo kifaacho, ni kumwambia afunge bila kuambiwa siku ya kufungua. Katiba, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa. Katika kifungu cha 69 inaiagiza Serikali ihimize wananchi kushiriki katika kulinda mazingira. Vifungu hivi viwili havigombani. Wanaovigombanisha ni watendaji wanaosoma kimoja na kukifunika kingine.

Nanyi waumini mnajua kwamba dhuluma inaweza kuvaa joho la sheria. Mfalme Ahabu alipolitamani shamba la mizabibu la Nabothi, barua ziliandikwa kwa muhuri wa mfalme, baraza likaitwa, mashahidi wakaketi, na hukumu ikatolewa. Karatasi zote zilikuwa zimekamilika. Kilichokosekana ni haki, na Mungu akamtuma nabii wake kuuliza juu ya hilo. Kanisa lisilouliza ufuoni litaulizwa kwingine.

Je, iko njia iliyo bora? Iko, na imejaribiwa hapa hapa kwetu. Mwaka 1995 hifadhi ya bahari ilitangazwa Diani na Chale. Wavuvi waliona kwamba uamuzi umefanywa juu ya vichwa vyao. Walikumbuka yaliyowapata wenzao mahali ambapo hifadhi zilikuwa zimetangulia, wakakataa. Hifadhi ile ilibaki kwenye karatasi. Miaka 10 baadaye, mwaka 2005, wavuvi wa Kuruwitu katika Kilifi, wakiona samaki wamewapungukia, walikaa wenyewe wakakubaliana kufunga eneo la hekta 30 hivi. Hawakungoja kuamriwa. Walilinda wenyewe eneo hilo waliloliita tengefu, samaki wakarudi, na fuo nyingine zikaja kujifunza. Bahari ni ile ile na samaki ni wale wale. Tofauti ni kwamba Diani watu walipelekewa uamuzi, na Kuruwitu uamuzi ulitoka kwa watu. Katazo lililoridhiwa na wavuvi huwa na walinzi mchana na usiku, wala halihitaji boti ya doria kila pembe.

Mahakama nayo imetuonyesha kwamba mvuvi si mpita njia baharini. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ilitoa hukumu juu ya ujenzi wa bandari ya Lamu, ikaona kwamba haki za wakazi zilikiukwa, na ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 hivi. Tunaitaja hukumu hii kwa sababu iliitambua kazi ya mvuvi kuwa haki inayoweza kudaiwa, na si hisani ya mkubwa yeyote.

Kwa hiyo tunadai mambo matano. La kwanza, kanuni yoyote ya nyavu ijadiliwe fuoni kabla ya kutangazwa, iandikwe kwa Kiswahili, na isomwe hadharani. Kifungu cha 7 cha Katiba kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pia, hatuombi upendeleo. La pili, marufuku ya chombo iandamane na mpango wa kumpa mvuvi chombo mbadala: jarife la matundu yaruhusiwayo, malema, mishipi, na mashua iwezayo kuvuka mwamba, kwa mkopo ambao mtu mnyonge aweza kuulipa. La tatu, mkono wa sheria uanzie dukani na bandarini zinakoingia nyavu haramu, usiishie mgongoni mwa mvutaji. La nne, mpaka wa meli kubwa ulindwe kwa ukali ule ule unaotumika kumlindia mwenye mtumbwi mpaka wake. La tano, kila wavu unaotwaliwa uandikwe, mwenyewe apewe hati, na ahukumiwe na mahakama. Wavu unaotwaliwa bila maandishi ni mlango wa mlungula.

Lakini madai yasiyo na kazi ni upepo. Ninyi wanaharakati, someni Sheria ya 2016 pamoja na wavuvi, kifungu kwa kifungu, chini ya mwembe kama hapana ukumbi. Tumieni haki ya kifungu cha 37 ya kuwasilisha malalamiko kwa mamlaka za umma, na mwende pia katika mabaraza ya kaunti, kwa kuwa kaunti nazo zimekabidhiwa majukumu ya uvuvi. Ninyi waumini, wavuvi wengi wa mwambao huu ni ndugu zetu Waislamu. Lisiwepo kanisa litakalosema kwamba jambo hili si letu. Mwaka 1999 viongozi wa dini mbalimbali walikutana Ufungamano, Nairobi, kuitetea Katiba ya wananchi. Umoja uliotosha kwa Katiba unatosha kwa nyavu. Kijana akipelekwa mahakamani, asisimame peke yake.

Nanyi wavuvi, twawaambia kwa heshima: msingoje Serikali iwe njema ndipo mlitupe juya. Mkiuweka wavu mbaya chini kwa hiari yenu, mtakuwa mmemwondolea dhalimu hoja yake moja aliyo nayo. Mchagueni kiongozi wa BMU kwa kura za haki, mwulizeni hesabu, na akishindwa kuitoa, mwondoeni. Demokrasia tuliyoidai Nairobi haina budi kufanya kazi pia pale panapopimwa samaki.

Tulipodai vyama vingi tuliambiwa kwamba wananchi hawajakomaa kujitawala. Hoja hiyo hiyo sasa imehamia baharini, kwamba mvuvi hajui thamani ya bahari. Huyu anayejua mwezi wa bamvua na wa maji mafu, anayejua ni jiwe gani hulala chewa na ni mkondo gani huleta nguru, ndiye anayeambiwa hajui. Tuikatae hoja hiyo kwa maneno, kisha tuikatae kwa vitendo: kwa fuo zinazojitawala, zinazojilinda na zinazodai haki yake.

Mungu aibariki kazi ya mikono yenu.