Mtani Wako Anapotundika Daluga

(Mazungumzo na vijana wapenzi wa kandanda, Mwanza)

Vijana wenzangu, na wewe msomaji ambaye hukuwepo siku ile, karibu ukae.

Niliitwa nizungumze mambo ya afya. Kabla sijafungua mdomo mkaniambia mnataka mpira. Haya, tutakwenda navyo vyote viwili. Swali langu ni hili: nyota wa timu pinzani anapotundika daluga, sisi tusiompenda tufanye nini? Tumcheke? Tununue magazeti yenye picha yake? Tupige makofi kwa unafiki?

Mnajua inavyokuwa. Wiki nzima redio haina habari nyingine. Huyu ni gwiji, huyu ni nguli, hatazaliwa mwingine. Bao alilofunga kwa goti, kipa akiwa amelala chini, linasimuliwa kama Vita vya Kagera. Wewe wa upande wa pili umekaa kijiweni Kirumba au Igoma, chai inakupalia. Unaanza kuhesabu vidole: huyu si ndiye aliyekosa penalti? Si ndiye aliyepigwa chenga akakaa kitako? Hapo ndipo utani unapoanza.

Mimi nasema utani huo ni halali. Tena ni afya. Sifa zikizidi zinamfanya mtu sanamu, na anayemrudisha kuwa mtu ni mtani wake. Rafiki hawezi kazi hiyo, anaona haya.

Hapa kwetu Usukumani jambo hili si geni. Waulizeni wazee habari za Wagika na Wagalu. Ni vyama viwili vya ngoma vilivyoanzia kwa waganga wawili wapinzani wa zamani, Ngika na Gumha. Mpaka leo siku za Bulabo, mwezi wa Juni kule Bujora, makundi hushindana kwa kucheza wakati mmoja, huku na huku, na watazamaji hukimbilia upande unaovutia zaidi. Hakuna refa. Watu wenyewe ndio kura. Na nyimbo za kumkejeli mwenzako zimo, kwani ngoma bila kejeli itavuta nani? Lakini jioni mnarudi njia moja, labda shemeji yako ni Mgalu.

Sasa chukua Simba na Yanga. Yanga ilianza 1935, Simba mwaka uliofuata, na jina hili la Simba ikalichukua 1971. Tangu hapo ni maneno tu. Yanga wakaitwa Vyura kwa sababu ya maji ya Jangwani, baadaye Utopolo. Simba wakaitwa Mikia, baadaye Makolo. Mei 6, 2012 Simba wakashinda 5-0, na kwa miaka kumi na moja mtu wa Yanga hakuweza kununua hata maandazi matano bila kuchekwa. Novemba 5, 2023 Yanga wakashinda 5-1, maandazi yakahamia upande wa pili. Hapa Mwanza tumeongeza yetu: Toto African kuambiwa ni watoto wa Yanga wanaopeleka pointi nyumbani, na Pamba, mabingwa wa 1990, kuulizwa kwa miaka mingi kama bado wapo. Waliporudi Ligi Kuu msimu wa 2024/25 wakiitwa Pamba Jiji, watani walikosa la kusema kwa muda wa kama siku mbili hivi.

Tuje kwenye kustaafu. Mnamkumbuka Nadir Haroub, beki wa Yanga kutoka Zanzibar, mliyemwita Cannavaro kwa jina la yule nahodha wa Italia aliyebeba Kombe la Dunia 2006? Alikuwa nahodha wa Yanga na wa Taifa Stars. Januari 2016 unahodha wa Stars ukahamia kwa Mbwana Samatta, aliyekuwa ametoka kutwaa tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Cannavaro akatangaza kustaafu timu ya taifa. Agosti 2018 Yanga wakamuaga rasmi kwa mechi, Uwanja wa Jamhuri, Morogoro, dhidi ya Mawenzi Market ya hapo hapo.

Watu wa Simba wangeachaje? Vijiwe vilichemka. Beki wa historia anaagwa na timu ya soko! Kwa nini si Uwanja wa Taifa? Nauli imekosekana? Kipindi kile Yanga hali ya fedha ilikuwa mbaya, na msimu huo huo wakafikia kutembeza bakuli kwa mashabiki, kwa hiyo kila utani uliishia kwenye pesa. Mimi niliusikiliza utani ule wote na sikuona kosa. Mechi ilichekwa, bakuli likachekwa, sifa za redioni zikachekwa. Mtu mwenyewe hakuguswa. Na ukimbana shabiki wa Simba pembeni, alikiri kwamba kwa beki yule washambuliaji wao walitoka uwanjani wakichechemea.

Wenzetu Marekani nao ni hivyo hivyo, ila wana pesa zaidi ya kuchekea. Wana mchezo unaitwa besiboli, wa kupiga kimpira kwa gongo na kukimbia. Timu mbili hazipatani tangu enzi za mababu: Yankees ya New York (Yankees, jamani, si Yanga) na Red Sox ya Boston, yaani Soksi Nyekundu. Mnaona wenyewe, hata rangi ya upande mmoja mnaijua.

Mwaka 2014 nahodha wa Yankees, Derek Jeter, alitangaza mapema, Februari, kwamba msimu ule ndio wa mwisho. Basi msimu mzima ukawa sherehe ya kuaga. Kila mji alikokwenda, wenyeji walimpa zawadi. Timu ya Houston ilimpa buti za wachunga ng'ombe. Timu ya Tampa Bay ilimpa mtumbwi mdogo wenye mistari ya jezi yake. Mtumbwi! Hapa angalau angeshusha nyavu. Mashabiki wa timu nyingine wakachoka: huyu anaaga au anaolewa? Hata mtangazaji maarufu, Keith Olbermann, alikaa mbele ya kamera akazipinga sifa zile moja moja.

Mechi ya mwisho kabisa, Septemba 28, 2014, ikaangukia wapi? Boston, kwenye uwanja wa maadui. Watu hawa walimzomea karibu miaka ishirini. Alipoingia kupiga mpira wake wa mwisho, walisimama uwanja mzima, wakaimba jina lake. Walikuwa wameikebehi sherehe yake miezi sita, na siku ile hawakuona aibu kusimama. Hakuna aliyewaambia wamesaliti Soksi.

Hebu tuingie sasa kwenye yale yaliyonileta.

Utani wetu wa asili, ule wa makabila, una kazi ambayo vijana wengi hamjaiona sawasawa. Mmeona sehemu ya kuchekesha tu. Mtani anakuja msibani, anamwigiza marehemu, anadai pesa, anazuia jeneza, watu wanacheka huku machozi yanatoka. Sawa. Lakini mtani huyo huyo ndiye anayeshika jembe kaburini na kuchota maji. Ruhusa ya kucheka anaipata kwa sababu anakuja na mikono. Asiye na mikono huyo ni mzomeaji tu, yuko kila mahali.

Siku kumi na moja baada ya zile tano za 2012, kiungo wa Simba Patrick Mafisango alifariki kwa ajali ya gari Dar es Salaam. Hapa Mwanza niliwaona watu wa kijani wamekaa kimya na watu wa wekundu, hakuna aliyetaja tano.

Sasa kifo kinaeleweka, kila mtu anajua kunyamaza. Kustaafu je? Watu wanadhani ni furaha tupu: amepewa saa ya ukutani, amepiga picha, kaenda nyumbani. Kumbe kesho yake asubuhi anaamka hana mazoezi, hana kambi, hana mshahara, na goti linauma. Tangu ana miaka kumi anaitwa mchezaji. Leo anaitwa nani? Chama cha wachezaji wa kulipwa duniani, FIFPRO, kilitoa utafiti mwaka 2015. Kati ya wachezaji waliostaafu walioulizwa, zaidi ya theluthi walikuwa na dalili za sonona au wasiwasi. Sonona ni ule unyonge wa moyo usioondoka hata baada ya kulala na kula. Na hao ni wa kulipwa. Wetu wa mchangani hata hahesabiwi.

Nitawasimulia mmoja, jina naliacha. Alikuwa winga wa kushoto, timu ya mtaa, mchana anabeba dagaa Mwaloni. Akiwa na miaka ishirini na tatu goti likageuka akiwa peke yake, hakuguswa na mtu. Wakamkanda kwa maji ya moto papo hapo, wakalivuta. (Nisikilizeni hapa kidogo: goti lililoumia sasa hivi halikandwi kwa moto wala halivutwi. Mpumzishe, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, funga bandeji, inua mguu, umpeleke akapimwe.) Mpira ukaishia hapo.

Watani wa mtaa wa pili wakamwandalia maziko. Mgomba umefungwa jezi, wanne wameubeba, mmoja anasoma wasifu: marehemu alijaliwa krosi mia tisa, zote zikaenda ziwani. Hata yeye alicheka, magongo kwapani. Utani safi kabisa ule.

Wiki ya tatu mambo yakabadilika. Sasa akipita kwenda Mwaloni wanamwigiza anavyochechemea. Wakaanza na mchumba wake: dada, kiwete huyo atakulisha nini? Mgomba ulicheka krosi zake. Hawa walicheka mguu wake na njaa yake. Yule kijana akabadilisha njia, akawa anapita nyuma ya nyumba. Kisha akaacha kazi. Kisha gongo, asubuhi. Siku moja akamwambia dada yake, kwa sauti ya kawaida tu kama mtu anayeulizia chumvi, kwamba bora angezama.

Dada hakusema "acha utani". Alikwenda kwa nani, mnadhani? Kwa beki wa kulia wa mtaa wa pili, yule yule aliyesoma wasifu kwenye maziko ya mgomba. Kijana yule akaja jioni, akakaa naye ukutani, akamuuliza waziwazi: kaka, unafikiria kujiua? Wengi mnaogopa swali hilo, mnadhani mtampandikizia wazo. Si kweli. Kumuuliza mtu hakumtii wazo kichwani. Mara nyingi kunampa nafasi ya kutua mzigo. Akajibu ndiyo. Beki hakumwacha peke yake usiku ule, na asubuhi wakapanda daladala pamoja mpaka Bugando. Pale ipo idara ya magonjwa ya akili, na kwenda huko si kuitwa kichaa, kama vile kwenda kwa daktari wa meno si kuitwa kibogoyo. Goti likatazamwa, na kichwa kikatazamwa.

Leo anapuliza filimbi mechi za watoto. Watani wamemrudia kwa nguvu: eti alipokuwa winga alikuwa haoni lango, sasa haoni hata faulo.

Nilipomaliza, kaka mmoja wa nyuma, mwenye fulana ya kijani, alinyosha mkono. Akauliza: "Sasa mwalimu, mchezaji akitangaza kustaafu, tukamlilia, halafu msimu ujao tunamwona kasajiliwa timu nyingine, huyo naye tusimguse?"

Nikamwambia huyo mcheke mpaka mbavu ziume. Dai na hela yako ya makofi.

Akauliza tena, safari hii sauti ikiwa chini, kama mtu atamjuaje mwenzake ameacha kucheka kweli au amenuna tu. Hilo tulilikalia mpaka jua likazama. Tazama kama haji kijiweni wiki mbili, na yeye ndiye alikuwa anakuja kwanza. Tazama kama halali, au analala mchana kutwa. Kama anagawa vitu vyake, jezi, viatu, redio, bila sababu. Kama amekuwa mtu wa pombe ghafla. Ukiona hayo, utani uweke mfukoni, nenda kwake mwenyewe, si kwa ujumbe wa simu. Kaa. Muulize. Ukishindwa, mtafute mtu mzima anayemheshimu, au mhudumu wa afya, na umsindikize.

"Na kama ni mtu wa Simba?" akauliza.

Watu walicheka sana. Nikamwambia aende na maandazi matano.