Samaki, Mboga na Ng'ombe kwa Maji Yale Yale
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Nambale)

Vikundi kadhaa vimetuuliza: tuchimbe kidimbwi cha samaki au tusichimbe? Sisi tunawarudishia swali: chini ya kidimbwi hicho mtapanda nini, na juu yake mtafuga nini?

Mnakumbuka mpango wa Serikali wa kufufua uchumi ulioanza mwaka 2009. Vidimbwi 200 kwa kila eneo bunge, katika maeneo bunge 140, kila kimoja meta mraba 300 na vifaranga 1,000 vya samaki. Busia nayo ilipata. Leo vingi vimeota magugu. Watu husema wafugaji walikuwa wavivu. Sisi hatukubali. Chakula cha kununua kilipokuwa ghali, mtu alibaki na samaki wenye njaa na shimo lisilomsaidia kwa jambo lingine lolote.

Basi kidimbwi kisikae peke yake. Banda la kuku au zizi likiwa upande wa juu, samadi kidogo huingia majini kila juma. Maji yanakuwa ya kijani, na hicho kijani ndicho chakula cha ngege. Kipimo ni mkono wako: uzamishe mpaka kiwiko. Ukikiona kiganja vizuri, ongeza samadi. Usipokiona, acha kwanza. Na ukikuta alfajiri samaki wote wako juu wanahema, samadi imezidi, ingiza maji mapya upesi. Wekeni pia kambare wachache, hawa mumi wetu, wawe wadogo kuliko ngege siku ya kuwaweka. Watakula vifaranga, maana ngege huzaana mno, mwishowe mnavua samaki wa ukubwa wa kidole.

Maji yakichakaa yasimwagwe ovyo. Ni mbolea hiyo! Yateremsheni kwa mfereji hadi bustanini. Januari, sukuma wiki inaponyauka kila mahali na bei inapanda sokoni, ninyi mna maji yenye nguvu. Kwa maoni yetu faida kubwa iko hapa kuliko kwa samaki. Samaki utamngoja miezi sita, hata minane. Mboga unachuma kila juma, na ndizo zinazonunua chumvi na daftari za watoto. Majani mabovu yanarudi kwa ng'ombe na kuku. Ila pampu ya dawa isioshwe kidimbwini, wala ng'ombe aliyetoka josho asikaribie: dawa ya kupe inaua samaki.

Haya, maji yatoke wapi? Tufanye hesabu. Kidimbwi cha meta mraba 300 chenye kina cha meta moja kinabeba lita 300,000, yaani jerikeni 15,000 za lita 20. Jua likinywa milimita 5 kwa siku, zimekwenda lita 1,500: jerikeni 75 kila siku, kabla hamjamwagilia hata shina moja la nyanya. Nani atazibeba? Naona wazee wanacheka, lakini akina mama hawacheki. Pasipokuwa na maji yanayoshuka yenyewe na udongo wa mfinyanzi, msichimbe. Limeni bustani tu.

Na chemchemi wanayoteka watu isigeuzwe ya samaki. Vijito vyetu vinaingia Mto Sio, nao Sio huwa mpaka wetu na Uganda kabla ya kufika Ziwa Victoria. Huko chini kuna watu pia. Kwa Sheria ya Maji ya mwaka 2016, kugeuza maji ya kijito kunataka kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Mafunjo ya kinamasi nayo msiyafyeke yote, ndiyo yanayotutunzia maji ya kiangazi.

Kuhusu mbu: kidimbwi kilichoachwa bila samaki ni nyumba ya malaria. Utafiti wa Kisii uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba baada ya kuwekwa ngege, viluwiluwi vya mbu wa malaria vilipungua kwa zaidi ya asilimia 94.

Sasa lile gumu. Shamba ni la nani? Wanachama 20 wanachimba kwa mtu mmoja. Samaki wakinona, vijana wa boma wanasema kidimbwi ni cha baba. Vikundi huvunjika hapo hapo. Andikeni makubaliano: ni miaka mingapi, nani anapata nini. Mwenye shamba atie sahihi, na mke wake, na wana wao wakubwa, mzee wa mtaa akishuhudia. Na kwa kuwa wanaomwagilia wengi ni akina mama, mgao wao uandikwe kabla ya jembe la kwanza, si siku ya kuvua.

Kikundi chenye karatasi hiyo na mahali pa maji kituite, tuje kupima mteremko. Kazi ya kuchimba ni Desemba hadi Februari, ili mvua za Machi zikute kingo zimeshindiliwa.